Kupima mzigo wa akili wa dereva kwa taa, mtetemo na kitufe

Desemba 2003 Uingereza ilipiga marufuku dereva kushika simu mkononi akiwa anaendesha. Sheria za namna hiyo hukamata mkono, kwa sababu mkono askari anauona. Akili haionekani. Watengenezaji wa magari nao wakaja na jibu lao: simu za kuongea bila kushika, amri za sauti, mashine ya kukusomea ujumbe, ramani inayotamka njia. Swali lililobaki ni la kipimo. Ukimnyang'anya dereva simu mkononi ukampa mashine ya kuongea nayo, umempunguzia nini hasa?

Jibu halipatikani kwa kumtazama. Wala halipatikani kwa kuangalia gari linavyokwenda, na hapo ndipo wengi hukwama wanapoanza. Mtu aliyezama kwenye mazungumzo ya simu mara nyingi hushika leni vizuri kuliko asiye na shughuli yoyote. Gari lake huyumba kidogo kuliko kawaida. Macho nayo hujikusanya mbele katikati, yakaacha vioo vya pembeni, spidomita na kingo za barabara. Ukitoa alama kwa kushika leni, utampa za juu dereva ambaye hajamwona mtu aliyesimama kwenye kivuko. Kushika leni ni kazi ambayo mikono imeshaizoea na haiombi ruhusa ya akili. Kinachoumia ni yale yasiyo ya mazoea: daladala inayofunga breki ghafla, mtu anayechomoka kati ya magari mawili yaliyoegeshwa. Kwa hiyo kipimo kinachofaa ni kile kinachouliza: baada ya barabara na kifaa kuchukua chao, akili imebaki kiasi gani?

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1961 Waingereza wawili, Brown na Poulton, walichapisha njia ya kupima nafasi ya akili iliyobaki kwa dereva: anaendesha huku amepewa kazi ya pili ya kusikiliza namba, na jinsi anavyoboronga namba ndivyo unavyojua barabara imemla kiasi gani. Baadaye katika miaka hiyo hiyo ya 1960, huko Marekani, John Senders alikwenda mbali zaidi. Aliunda kofia yenye kifuniko kinachoshuka mbele ya macho na kupanda tena, akaivaa mwenyewe na kuingia nayo barabarani Massachusetts, apate kujua dereva anahitaji kuiona barabara mara ngapi. Mwaka 2011 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya mzaha ya Ig Nobel, kipengele cha usalama wa umma. Hata hivyo kuziba macho kwa zamu ni kipimo rasmi hadi leo, ISO 16673 cha shirika la viwango la kimataifa, ila siku hizi gari huwa limesimama na dereva huvaa miwani inayojifunga na kujifungua kwa umeme.

Kwa mzigo wa akili wenyewe, kinachotumika zaidi sasa ni kipimo cha ISO 17488 cha mwaka 2016, ambacho wenye fani hukiita DRT (Detection Response Task, yaani kazi ya kugundua ishara na kuijibu). Utaratibu wake ni mwepesi. Kila baada ya sekunde 3 hadi 5, kwa nafasi zisizotabirika, dereva hupewa ishara. Akiihisi anabonyeza kitufe kilichofungwa kidoleni, kwa kukikandamiza kwenye usukani. Ishara hudumu sekunde 1, au huzimika pale pale anapobonyeza. Mbonyezo uliokuja kabla ya milisekunde 100 unatupwa, kwa kuwa hakuna binadamu anayejibu upesi hivyo, amebahatisha. Zikipita milisekunde 2,500 bila mbonyezo, ishara hiyo inaandikwa kuwa imempita. Mwisho unabaki na namba mbili: muda wa kujibu, na asilimia ya ishara zilizojibiwa. Akili ikielemewa, ya kwanza hupanda na ya pili hushuka.

Ishara ziko za aina tatu. Kuna taa ndogo nyekundu kwenye mkono mwembamba unaovaliwa kichwani, ikakaa mbele ya jicho, hivyo dereva akigeuka nayo inageuka. Kuna taa ya mbali, iliyopachikwa kwenye dashibodi au inayoakisiwa kwenye kioo cha mbele. Na kuna mota ndogo ya mtetemo inayobandikwa begani. Kuchagua kati yake si suala la ladha. Taa ya dashibodi humpotea dereva anapoinamia skrini, na ishara ikipita hujui kama ni akili iliyokuwa mbali au ni macho tu. Mtetemo hauhitaji macho. Kikosi cha David Strayer cha Chuo Kikuu cha Utah kiligeuza udhaifu huo wa taa kuwa faida mwaka 2017: kilichanganya mtetemo na taa ya mbali katika jaribio moja, muda wa kujibu mtetemo ukasomwa kuwa mzigo wa akili, taa zilizopita bila kujibiwa zikasomwa kuwa mzigo wa macho. Anayeanza aanze na mtetemo peke yake. Taa ya kichwani ina kero nyingine: kwenye jua la saa sita mchana haionekani vizuri, na kila dereva anapopiga chafya inabidi uirekebishe.

Vifaa vya kununua vipo, lakini unaweza kukiunda mezani bila tabu. Chukua bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo unayoiandikia programu mwenyewe), mota bapa ya mtetemo ya volti 3 kama zilizomo kwenye simu, maikroswichi moja, transista ya 2N2222, dayodi ya 1N4001, rezista mbili (om 1,000 na om 22), kisomeo cha kadi ya kumbukumbu na chanzo cha umeme cha volti 5. Usiunge mota moja kwa moja kwenye pini ya bodi. Pini hiyo haivumilii zaidi ya miliampia 40, na mota ya aina hii huweza kunywa 80. Pini iendeshe transista kupitia rezista ya om 1,000, na transista ndiyo iwashe mota. Rezista ya om 22 ikae kwenye njia ya mota, kwa sababu volti 5 ni nyingi kwake. Dayodi iwekwe sambamba na mota, kinyumenyume. Bila hiyo, kila mota inapozimwa inarusha volti za nyuma, na ipo siku transista itakufa katikati ya jaribio.

Kuhusu umeme, kuna mtego ambao watu hulaumu programu bure. Betri nyingi za ziada za simu hujizima zinapoona mzigo ni mdogo, zikidhani simu imeshajaa. Bodi hii inakula umeme kidogo mno, kwa hiyo kifaa kinafanya kazi vizuri mezani kwa sekunde kadhaa kisha kinakufa kimya. Tafuta betri isiyo na tabia hiyo, au chukua umeme kwenye soketi ya kiberiti ya gari kwa adapta nzuri.

Upande wa programu, mambo manne ndiyo yanayoharibu data. La kwanza ni kusoma kitufe ndani ya mzunguko wa kawaida wa programu. Kadi ya kumbukumbu inapoandikwa, bodi inaweza kusimama kwa zaidi ya milisekunde 100, na mbonyezo uliotokea hapo unasomwa umechelewa. Tofauti unayoitafuta kati ya kuendesha tu na kuendesha na simu inaweza kuwa ya ukubwa huo huo, kwa hiyo umeshaiua. Kitufe kiungwe kwenye pini 2 au 3, zenye uwezo wa kuikatiza programu, na saa ya mikrosekunde isomwe palepale. Kadi iandikwe baadaye. La pili ni kudunda kwa swichi: bonyezo moja la kidole hutoa mawimbi kadhaa ndani ya milisekunde chache. Chukua la kwanza, puuza yanayofuata ndani ya milisekunde 20. La tatu: Arduino hurudia mfululizo ule ule wa namba za nasibu kila inapowashwa. Usipoipa mbegu mpya, yaani namba tofauti ya kuanzia, dereva wa pili mpaka wa mwisho watapata nafasi zile zile, na mtu aliyefanya mara nne ataanza kuzitarajia bila yeye mwenyewe kujua.

La nne ni kuhifadhi mibonyezo iliyofuata ishara tu. Hifadhi yote. Dereva anayebonyeza mfululizo kama anayepiga ngoma atapata asilimia 100 ya ishara na muda mzuri ajabu, na usipokuwa na orodha ya mibonyezo isiyo na ishara hutamgundua.

Mota ya mtetemo nayo haianzi papo hapo. Inachukua makumi ya milisekunde kushika kasi ya kuhisika. Si neno, maadamu ucheleweshaji huo ni ule ule katika hali zote unazolinganisha. Ila usichukue milisekunde zako ukazilinganisha na za maabara nyingine iliyotumia taa, na usiache umeme ushuke katikati ya siku, maana mota dhaifu huchelewa zaidi na utadhani madereva wa mchana wana akili nzito kuliko wa asubuhi.

Kitufe kikae mkono gani? Tafiti nyingi za Marekani hukifunga mkono wa kushoto, kwa sababu huko usukani uko kushoto na skrini inaguswa kwa mkono wa kulia. Kwetu ni kinyume: usukani kulia, skrini kushoto, na gari la gia za mkono linahitaji mkono wa kushoto kwenye gia. Funga kitufe kwenye kidole gumba au cha shahada cha mkono wa kulia. Wapo wanaonakili maelekezo ya Marekani neno kwa neno, kisha wanashangaa kwa nini ishara zote zinapita dereva anapogusa skrini. Kidole chenye kitufe ndicho kilichokuwa kwenye skrini. Jambo jingine ni matuta. Swichi laini hujibonyeza yenyewe gari likiruka tuta, basi chagua swichi ngumu kidogo kubonyeza, na njia ya majaribio iwe na matuta machache kadiri unavyoweza kupata.

Sasa mpangilio wa jaribio, ambao ndio unaotenganisha kipimo na mchezo. Muda wa kujibu wa milisekunde 600 peke yake hauna maana yoyote. Mtu mzima wa miaka 60 anaweza kuwa nao akiwa ametulia, kijana wa miaka 22 akiwa ameelemewa. Kila dereva lazima alinganishwe na nafsi yake, kati ya ncha mbili: kuendesha bila shughuli nyingine, na kuendesha huku akifanya kazi ngumu inayojulikana. Kwa ncha ya juu, kazi inayotumika sana ni ile ya namba iliyosanifiwa katika chuo cha MIT, Marekani, na Bryan Mehler na wenzake. Dereva anasikia namba 10 za tarakimu moja, moja kila baada ya sekunde 2.25. Katika daraja jepesi anairudia kila namba anayoisikia. Daraja la kati anataja iliyotangulia. Daraja gumu anataja ya mbili nyuma: anasikia tatu, saba, mbili, na anaposikia “mbili” ndipo anasema “tatu”, ikija tisa anasema “saba”. Ijaribu umekaa kwenye kochi kabla ya kumpa mtu mwingine. Rekodi namba kwa sauti moja isiyopanda na kushuka, na pima sekunde 2.25 kuanzia mwanzo wa neno hadi mwanzo wa neno.

Ukishapata ncha mbili, hesabu ni rahisi. Tuseme, kwa mfano tu, dereva ana milisekunde 450 akiendesha bila shughuli, 750 kwenye daraja gumu la namba, na 600 akitumia amri za sauti. Amri za sauti zimekaa nusu ya njia kati ya ncha hizo. Kwenye kipimo cha 1 hadi 5, ambapo 1 ni kuendesha tu na 5 ni kazi ngumu, hiyo ni 3. Asilimia ya ishara zilizojibiwa ifanyie hesabu yake pembeni, usiichanganye na muda. Na muda wenyewe ukokotolewe kwa ishara zilizojibiwa tu. Wengine huweka 2,500 kwa kila ishara iliyopita ili jedwali lisiwe na mapengo. Wakifanya hivyo wastani hauwakilishi kitu chochote. Kwa kuwa majibu ya kuchelewa huvuta wastani juu, napendelea namba ya katikati kwa kila dereva kabla ya kulinganisha makundi.

Kuna kikwazo cha muda. Ishara zinakuja kwa wastani moja kila sekunde 4, yaani 15 kwa dakika. Kazi ya kubadili stesheni ya redio inayochukua sekunde 8 itapata ishara 2, na kwa ishara 2 huwezi kusema lolote. Dawa yake ni kumrudisha dereva kwenye kazi hiyo tena na tena, stesheni mpya kila mara, mpaka zifike dakika 2 na ishara 30. Hapo unapima uzito wa kazi inapofanywa mfululizo. Kwa hiyo urefu wa kazi moja upimwe kivyake kwa saa, vinginevyo kazi fupi nzito itaonekana mbaya kuliko kazi ndefu ya uzito wa kati, wakati barabarani ile ndefu ndiyo inayomweka dereva hatarini muda mrefu. Utah mwaka 2017 walikuta kuingiza mahali kwenye ramani ya gari kunachukua wastani wa sekunde 40. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari limekata karibu mita 890.

Mpangilio wa kazi uzungushwe kwa kila dereva, kwa sababu watu huchoka na watu huzoea, na mambo haya mawili huvuta pande tofauti. Kila dereva ajifunze kifaa kwanza gari likiwa limesimama mpaka asiulize tena. Maelekezo yasomwe kwenye karatasi, sentensi zile zile kwa wote, na la kwanza liwe hili: kuendesha salama ndiyo kazi yako, mengine yatasubiri. Ukimwambia dereva mmoja “jitahidi ubonyeze haraka” na mwingine usimwambie, umepima maelekezo yako. Na usianze kwenye barabara kuu. Anza kwenye uwanja uliofungwa au kiigizo cha kuendesha, kisha barabara tulivu mchana, na kiti cha abiria akae mtu mwenye breki ya pili na mamlaka ya kusimamisha jaribio. Kibali cha utafiti ni lazima: Kenya ni NACOSTI, Tanzania ni COSTECH, na kamati ya maadili ya chuo itataka kuona karatasi ya ridhaa.

Dodoso liende sambamba na kitufe, si badala yake. Linalotumika zaidi ni NASA-TLX la Sandra Hart na Lowell Staveland, 1988, lenye mizani sita: kazi ya akili, kazi ya mwili, kubanwa na muda, ufanisi, jitihada na kukereka. Lijazwe mara tu kazi inapomalizika, si mwisho wa siku. Mizani ya ufanisi imegeuzwa, vizuri iko kushoto na vibaya kulia, na watu huweka alama upande usio wake bila kugutuka, wasomee. Faida ya dodoso huonekana pale linapopingana na kitufe. Mtu anakuambia amri za sauti ni rahisi, wakati muda wake wa kujibu umepanda. Hiyo yenyewe ni taarifa: hajioni.

Vipimo vya mwili sivipendi sana kwa kazi ya barabarani. Mapigo ya moyo hupanda mzigo unapoongezeka, lakini kwa mapigo machache tu kwa dakika. Jasho la ngozi kwenye joto la Mombasa linapima kiyoyozi. Mboni ya jicho hutanuka akili inapofanya kazi, kwa sehemu ya milimita, wakati gari kutoka kivulini kwenda juani huibadilisha kwa milimita kadhaa. Kwenye chumba chenye mwanga usiobadilika, sawa.

Matokeo yaliyotajwa sana ni ya Utah ya mwaka 2013, yaliyofadhiliwa na taasisi ya usalama barabarani ya AAA, chama cha wenye magari cha Marekani. Kwenye kipimo cha 1 hadi 5, kusikiliza redio kulipata 1.21 na kitabu cha kusikiliza 1.75. Simu bila kushika ilipata 2.27, simu ya mkononi 2.45. Tofauti ni ndogo, na ndiyo habari yenyewe. Kutunga ujumbe kwa sauti, kifaa kilichouzwa kuwa suluhisho, kilipata 3.06. Sababu zinaeleweka ukisikiliza mtu akikitumia: anatunga sentensi, anaitamka kwa namna mashine itakayoipenda, anasubiri, anasikiliza imeandikwa nini, anagundua jina limekosewa, anaanza upya. Mwaka 2017 walipima magari mapya 30, na 23 yakaangukia kundi la mzigo mkubwa au mkubwa sana. Mwaka uliofuata waligundua CarPlay na Android Auto, programu zinazoleta simu kwenye skrini ya gari, zina mzigo mdogo kuliko mifumo ya magari yenyewe.

Lakini katika orodha ile ile ya 2013, kuzungumza na abiria kulipata 2.33, juu ya simu bila kushika. Hakuna anayetaka kupiga marufuku abiria. Abiria anaiona barabara: anaona lori linaingia, ananyamaza, au anakuambia “angalia huyo”. Mtu wa kwenye simu anaendelea kusimulia. Kitufe kinapima uzito wa mazungumzo na hakijui nani anakusaidia kutazama. Pia tafiti za kamera zilizoachwa ndani ya magari ya watu kwa miezi zinatoa picha nyingine: hatari kubwa inatoka kwenye macho yaliyotoka barabarani. Utafiti wa chuo cha Virginia Tech wa 2009 kwa madereva wa malori ulikuta kuandika ujumbe kunazidisha hatari ya ajali au tukio karibu na ajali mara 23, huku simu bila kushika isionyeshe ongezeko la namna hiyo. Ndiyo maana mwongozo wa 2013 wa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, umejengwa juu ya macho: mtupo mmoja wa jicho usizidi sekunde 2, jumla ya mitupo kwa kazi moja isizidi sekunde 12, na wafaulu angalau 21 kati ya washiriki 24. Sekunde 2 kwa kilomita 80 kwa saa ni mita 44. Anayepima kifaa cha gari kwa kitufe peke yake amepima nusu, na anayepima kwa kamera ya macho peke yake amepima nusu nyingine.

Afrika Mashariki ina maswali ambayo maabara za Utah haziwezi kuyauliza. Magari mengi yaliyotumika yanatoka Japani na redio zake, menyu za Kijapani, na ile sauti ya mwanamke inayotangaza kila ukiwasha gari kwamba kadi ya ETC haijaingizwa, kadi ya kulipia barabara za tozo za huko kwao. Tangazo hilo dereva ameshazoea kulipuuza, na huenda halimgharimu kitu. Menyu ni jambo jingine. Wako wanaokumbuka vitufe kwa mahali vilipo, “cha tatu kutoka juu”, na kumbukumbu hiyo ikiteleza kidogo anaingia ukurasa asioweza kuusoma wala kuutoka. Hilo linapimika: kazi moja, redio ile ile, nusu ya madereva lugha ya Kijapani, nusu Kiingereza.

Kubwa zaidi ni madereva wa teksi za programu. Ombi linaingia, linahesabu sekunde kurudi nyuma, dereva anakubali, kisha anapigiwa na mteja kwa sababu pini ya ramani haijakaa mlangoni pake: “Njoo mpaka sheli, usiingie, pita kidogo, kuna mwembe, kata kushoto, utaona geti la bluu.” Dereva anaijenga barabara hiyo kichwani huku akiendesha nyingine machoni, na kazi zote mbili zinagombea sehemu moja ya akili, ile ya picha na mahali. Usipime hili kwa simu za kweli; kila mteja anaongea kivyake. Rekodi maelekezo nane ya urefu mmoja, kila moja lina kona tatu na alama mbili za njia, mtu mmoja ayasome kwa kasi moja. Dereva asikilize, arudie maelekezo kwa sauti, apewe yanayofuata. Makosa ya kurudia yaandikwe, kwa sababu dereva anayelinda muda wa kitufe kwa kuacha kusikiliza ataonekana mwepesi, na orodha ya makosa ndiyo itakayomfichua.

Kisha usizime kifaa mazungumzo yanapoisha. Mwaka 2015 Utah walikuta athari za baadhi ya mifumo ya sauti zinadumu hadi sekunde 27 baada ya dereva kumaliza. Kwa kilomita 50 kwa saa hiyo ni mita 375 za barabara, akili bado inarudi. Acha ishara ziendelee kwa dakika 1 nzima baada ya maelekezo, huku dereva akiendesha tu. Kwa kuwa kila kipande cha sekunde 5 kitapata ishara moja hivi kwa dereva, usichore mstari wa mtu mmoja. Kusanya madereva wote na marudio yote, panga ishara kwa sekunde zilizopita tangu neno la mwisho, na utazame muda wa kujibu unarudi lini kwenye ule wa kuendesha bila shughuli.